Kipumulio cha Remei

Pikipiki ilimpiga Remei teke asubuhi moja ya Novemba. Tangu siku hiyo Ciset, mumewe, akawa anawasimulia watu kwamba teke lile lilimrusha mkewe hadi juu ya banda la kuku, akazunguka angani mara mbili na kutua ameketi, mikono kifuani. Ukweli ni kwamba alianguka palepale kwenye samadi, akatoa tusi lililowanyamazisha mbwa wa jirani, kisha akajaribu kusimama na goti likakataa.

Ilikuwa pikipiki ya kupandia milima, ya kizamani, ile ya kuchanganyiwa petroli na oili katika tangi moja. Pistoni ilikuwa moja tu, lakini hiyo moja ilikuwa nene kama kikombe cha uji wa mgonjwa aliyepona. Ukiipiga kiki kwa moyo wote, inawaka. Ukisitasita hata kidogo, mgandamizo wa silinda unaurudisha mguu wako ulikotoka, tena kwa riba. Asubuhi ile Remei alisita. Alikuwa na miaka sitini na sita, mvua ilikuwa imenyesha, na soli ya buti iliteleza.

Wiki ya kwanza ya Desemba bwana Falgueres akapanda kutoka mjini. Alikuwa msimamizi wa mwenye shamba, mtu wa sauti laini na koti la rangi ya maziwa, anayefuta kiti kwa leso kabla hajakikalia. Katika milima ile ya Guilleries, kaskazini mwa Barcelona, mkataba ni ule ule wa babu na babu: nyumba ya Mas Ginebret si yako, malisho si yako, ng'ombe kumi na tisa si wako, ila ukivitunza kwa mikono yako mwenyewe hakuna wa kukutoa. Maneno "mikono yako mwenyewe" ndiyo yaliyompandisha Falgueres.

"Bibi Remei," akasema, "naomba uinuke kitini bila kushika meza."

"Kwani nimekuwa ndama wa mnadani?"

"Ni utaratibu tu."

Remei akainuka. Alifika nusu, akabaki hapo amening'inia kama mtu anayetafuta sarafu aliyoidondosha, na mkono wake ukaenda mezani wenyewe bila kumwomba ruhusa. Falgueres akaandika. Kalamu yake ilikuwa na kasauti kadogo, kama panya kwenye gunia la unga. Ciset alikuwa ameketi karibu na moto. Kiharusi kilikuwa kimeuchukua mkono wake wa kulia misimu miwili iliyopita, kikamwachia mdomo wote. Alitazama makaa.

"Juzi nilikutazama kutoka barabarani," Falgueres akaendelea. "Kwenda kuvunja barafu kwenye hori la juu na kurudi, karibu masaa manne. Kwa fimbo. Unafika saa nne imeshapita, ng'ombe wanalamba mawe tangu alfajiri. Mkataba unasema maji yawe wazi kabla ya saa nne asubuhi, kila siku."

"Kwa pikipiki nafika kwa dakika ishirini."

"Kwa pikipiki ambayo huwezi kuiwasha." Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma. "Nitarudi tarehe ishirini na nane, saa tatu. Nikiona unaweza, nitaandika unaweza. Nikiona huwezi, mwenye shamba ana mpango wa kuweka vyumba vya wageni. Watu wa Barcelona wanapenda kimya."

"Ndiyo maana wakija wanakifukuza," akasema Ciset.

Falgueres akatabasamu kama anayetabasamia mtoto wa mwenzake, akakunja karatasi.

*

Gari lilipopotea kwenye kona, Ciset akakohoa.

"Kuna kitu," akasema.

"Kitu gani?"

"Kwanza niahidi hutanipiga."

"Siahidi."

Akafikiri. "Basi weka fimbo chini, tuanzie hapo. Kwenye rafu ya karakana kuna mkebe wa biskuti wa bluu. Chini ya misumari."

Remei akachechemea hadi karakana, akarudi na mkebe, akaumwaga mezani. Katikati ya misumari na kutu kulikuwa na kichuma chenye urefu wa kidole, chini kina nyuzi za skrubu kama plagi, juu kina springi na mkono mdogo wa kuvutwa na waya, na ubavuni kitundu.

"Kipumulio," Ciset akasema, bado akiangalia moto. "Kinakaa juu ya silinda, jirani na plagi. Ukibonyeza kishikio kwenye usukani, kivalvu kinafunguka, pumzi ya injini inatoka nje, pistoni inapanda bila ubishi. Ukiachia, mgandamizo unarudi, inawaka. Mtoto wa shule anaipiga kiki."

"Kimetoka wapi?"

"Kilikuja na pikipiki."

Kuni zikapasuka.

"Kilikuja na pikipiki," Remei akarudia polepole, "halafu kikaingiaje kwenye mkebe wa biskuti?"

"Nilikitoa. Mwaka sabini na tisa. Vijana wa mashindano walikuwa wanasema kipumulio ni cha makasisi na wajawazito. Nikakitoa, tundu nikaliziba kwa skrubu ya chuma, nikaikaza mpaka ikalia."

"Ciset."

"Naam."

"Mimi nimeipiga kiki hiyo pikipiki nikiwa na mimba ya miezi saba."

"Najua."

"Wewe umesimama mlangoni unanitazama."

"Nilikuwa najivunia, mke wangu. Bonde zima lilijua."

"Kumbe tundu lilikuwepo!"

Hakumpiga. Alichukua kile kichuma, akakipuliza vumbi, akakiangalia dhidi ya mwanga wa dirisha. Miaka zaidi ya arobaini alikuwa ameamini kwamba ile injini ni ngumu kwa maumbile yake, kama mlima ulivyo mrefu. Kumbe ugumu uliwekwa na mtu, tena kwa spana.

"Kitarudi," akasema. "Na utakaa hapo uniambie kila hatua. Ukinificha tena kitu, utavunja hiyo barafu kwa meno."

*

Shida haikuwa kipumulio. Shida ilikuwa ile skrubu ya mwaka sabini na tisa. Chuma kikiishi ndani ya aluminiamu muda wote huo, vinaoana, na ndoa yao ni ya Kikatoliki. Remei alifungua kichwa cha silinda, akakibana kwenye jiliwa la karakana, akaimwagia skrubu mafuta ya taa siku tisa mfululizo, asubuhi na jioni, kama dozi. Kila baada ya kurudi kutoka hori la juu, kwa fimbo, safari ya karibu masaa manne, alijaribu spana. Skrubu haikumtambua. Kila siku goti lilikuwa limevimba zaidi kuliko jana, na kila siku Ciset alisema, "Usilazimishe, ukikata nyuzi hatuna kichwa kingine." Krismasi ikafika, skrubu iko palepale.

Siku ya pili ya Krismasi, sikukuu ya Mtakatifu Stefano, binti yao Queralt alipanda kutoka mji wa Sabadell kula kaneloni, kama kila mwaka. Hakuna nyumba katika nchi ile isiyokula kaneloni siku hiyo: nyama iliyobaki ya jana inasagwa, inaviringishwa ndani ya tambi pana, inamwagiwa mchuzi mweupe na kuingizwa ovenini. Queralt alivua koti, akabusu wazazi, akanusa.

"Mama, mbona kunanuka gereji?" Akafungua oveni. "Hiki nini?"

"Kichwa," Remei akasema.

"Na kaneloni?"

"Zinasubiri zamu."

"Aluminiamu inatanuka kuliko chuma," Ciset akaeleza kutoka motoni. "Ikishika joto, inamwachia mwenzake. Tema mate juu yake, binti yangu. Yakirukaruka, tayari."

"Sitemi mate ovenini siku ya sikukuu!" Queralt akageuka kwa mama yake. "Basi mmefikia hapo? Mama, nimewaandalia chumba. Kuna lifti. Kuna zahanati chini ya nyumba. Baba hatakuwa na haja ya kupanda ngazi. Acha waichukue hii nyumba, waweke wageni wao, wakae na panya wao!"

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe si wako!"

"Barafu ni yangu," Remei akasema. "Naivunja tangu kabla hujazaliwa. Sijali nyumba ina jina la nani kwenye karatasi. Aliyeniambia niinuke kitini mbele ya mume wangu hatanitoa kwa sababu ya skrubu. Nikishindwa mimi, sawa, nitakuja kupanda hiyo lifti yako. Lakini siwezi kushindwa na skrubu. Shika kitambaa, unisaidie, au kaa mbali na moto."

Queralt aliwatazama wote wawili, mmoja mkono mmoja, mwingine mguu mmoja. Halafu akainama, akatema mate. Yakarukaruka.

Walikibana kichwa kwenye jiliwa kikiwa bado kinatoa moshi. Remei akavisha spana, akaongeza bomba refu kwenye mpini, Queralt akashika ncha. "Msivute kwa hasira," Ciset akaita. "Vuteni kama mnaomba." Wakavuta kama wanaoomba. Hakuna kitu. Wakavuta tena, na kukatokea mlio mwembamba, kama mlango wa kanisa usiku, na skrubu ikasogea upana wa ukucha.

Queralt akapiga kelele kama bao limefungwa. Alisahau kwamba alikuja kuwahamisha.

Kazi ikaendelea mezani, kati ya sahani. Ciset hakukubali kipumulio kifungwe hivihivi. "Weka kwanza donge la unga wa mkate juu ya pistoni. Funga kichwa kikiwa na kipumulio, zungusha injini kwa mkono, fungua tena, utazame unga." Wakatazama. Unga ulikuwa umebanwa mahali pamoja mpaka mwembamba kama hostia, kile kimkate cha misa: ncha ya kipumulio ilikuwa inashuka mno ndani. Injini ikichemka, pistoni ingeigonga na mchezo ungeishia hapo.

"Kinataka kuinuliwa milimita mbili," Ciset akasema. "Inatakiwa washa, pete nene ya chuma; ya kwake ilipotea. Na leo maduka yamefungwa."

Remei akaenda kwenye droo ya vitu visivyo na kazi, akatoa sarafu moja ya zamani ya peseta ishirini na tano, ile yenye tundu katikati. Akachukua tupa ya mviringo, akalipanua lile tundu taratibu, akipima, akipuliza, mpaka sarafu ikabaki pete.

"Haya," Ciset akasema, "hatimaye fedha imetufaa."

Kishikio na waya vilitoka kwenye baiskeli ya Queralt ya utotoni, ile nyekundu iliyoning'inia kwenye dari ya zizi. "Baiskeli yangu!" akalalamika, huku mwenyewe akiwa ndiye anayefungua nati. Kipumulio kilipokazwa juu ya pete ya sarafu, kitundu cha ubavuni kikageuka na kutazama nje, upande usio wa kiki.

"Hapo patatema oili nyeusi ukiwasha," Ciset akaonya. "Nyuma ya tundu pana nguvu ya mlipuko."

"Upande huo nani anasimama?"

"Hakuna mtu."

"Basi paache."

Kaneloni zililiwa jioni. Zilikuwa na ladha ya gereji kidogo. Queralt aliongeza mara mbili.

*

Tarehe ishirini na nane ni sikukuu ya Watoto Mashahidi, siku ambayo nchi ile hudanganyana na kubandikana vikaragosi vya karatasi mgongoni. Falgueres hakuja kucheza. Alifika saa tatu kamili, na koti la rangi ya maziwa, karatasi mkononi, akasimama uani penye theluji nyembamba. Pikipiki ilikuwa imetolewa. Remei alikuwa tayari amepanda, shoka la barafu limefungwa nyuma ya kiti.

"Bwana Falgueres, simama huku," akasema.

"Nitasimama hapa. Nataka kuona hakuna anayekusaidia."

"Nakuambia, huko si pazuri."

"Bibi, mimi ndiye ninayechagua pa kutazamia." Akasogea hatua moja karibu zaidi, upande usio wa kiki.

Remei akatazama mbele. Ciset alikuwa amemfundisha uani siku nzima jana: bonyeza, anza kushuka na kiki, ukifika nusu, achia. Akabonyeza kishikio cha baiskeli nyekundu. Akakanyaga. Injini ikazunguka laini kama mashine ya kusaga kahawa, *fyuu*, na haikuwaka. Alikuwa amesahau kuachia.

"Tusiteseke, bibi yangu," Falgueres akasema kwa ile sauti laini. "Hakuna aibu. Umri ni wa wote."

Remei akabonyeza. Akakanyaga. Akaachia, lakini akiwa amechelewa sekunde moja: cheche ilikuta mlango bado wazi, na kipumulio kikapiga chafya. Oili ya mwaka mzima, nyeusi, ya uvuguvugu, ikatoka kwenye kile kitundu na kumpata Falgueres kuanzia kola hadi mfuko wa koti.

"Nilikuambia," Remei akasema. Mara ya tatu akaachia katikati hasa. Injini ikaita *tang*, tena *tang*, kisha ikashika, moshi wa buluu ukajaa uani, na kuku wakakimbilia mahali pa kufia.

"Nitajuaje kama umefika juu?" Falgueres akapaza sauti, akijifuta na leso na kuueneza uchafu.

"Utajua!"

*

Njia ya juu si njia. Ni ngazi ya mawe iliyochongwa na kwato. Remei aliipanda amesimama juu ya vikanyagio, uzito wote kwenye mguu mzima, na upepo ulikuwa unamkata mashavu. Ng'ombe walimsikia kabla hawajamwona. Walikuwa wamejipanga kwenye hori kama watu wa foleni ya mkate, midomo inatoa mvuke. Alishuka kwa kumwaga mwili upande mmoja, akafungua shoka, akapiga. Barafu ilikuwa nene kama tofali. Pigo la tano likafungua, maji yakapanda meusi, na vichwa kumi na tisa vikamsukuma pembeni bila asante.

Hapo ndipo aliposikia kimya. Injini ilikuwa imezimika.

Hakukuwa na Falgueres huku, wala Ciset wa kumwelekeza, wala mtu wa kukomoa. Alikuwepo yeye, goti, na pikipiki inayodondosha matone moto kwenye theluji. Akarudi kitini kwa kujivuta na mkono. Akapiga kiki bila kukumbuka kubonyeza, mguu ukaachia mapema, na pedali ikamrudi kisigino. Akapiga tena. Ya tatu ilimtoa machozi, na aliyaacha yashuke, kwani ng'ombe hawasimulii. Alikumbuka uani, tumbo la miezi saba, na mtu mlangoni anajivunia.

"Wewe," aliiambia injini, "nimekujua. Siri yako iko kwenye mkebe wa biskuti."

Akabonyeza, akashuka taratibu mno, kama mtu anayekanyaga ngazi gizani, akaachia. *Tang*.

Kushuka alibonyeza kipumulio njia nzima, injini ikamshikilia kama mkono wa mtu shatini ili asivingirike. Kilipiga mlio mrefu wa aibu, *prrrrrr*, uliosikika hadi kijiji cha ng'ambo. Kuna mzee anayeapa kwamba alivua kofia, akidhani ni askofu anapita na matumbo yanamsumbua.

*

Uani Ciset alikuwa amemkalisha Falgueres, akampa divai tamu na kipande cha halua ya lozi, na kumpangusa mgongo kwa mkono wake mzima, kwa huruma nyingi, mara kadhaa. Saa tatu na dakika hamsini pikipiki ikaingia. Remei hakushuka. Akatia mkono kwenye mfuko wa turubai, akatoa pande la barafu lenye manyoya ya ng'ombe yaliyogandia ndani, akainama kutoka kitini na kuliweka juu ya karatasi ya Falgueres, kwenye boneti ya gari.

"Hiyo hapo. Andika kabla haijayeyuka."

Falgueres alitazama barafu, akatazama saa. Alikuwa mtu mwenye roho ndogo, lakini si mwongo. Akalisogeza lile pande, akaandika kwenye karatasi iliyolowa, kalamu ikikwama: *Amefika kabla ya saa nne. Peke yake.*

"Mwaka ujao nitarudi," akasema.

"Njoo. Ila safari ijayo vaa koti jeusi."

Gari likateremka. Falgueres alikuwa ameegemea usukani kwa hasira, na mgongoni mwake, kwa gundi ya unga wa mkate, kikaragosi cha karatasi kilikuwa kinapunga mkono.

Remei alingoja mpaka mlio wa gari ukaisha kabisa. Bado alikuwa kitini, mikono kwenye usukani, mgongo umenyooka.

"Ciset," akasema kwa sauti ndogo. "Njoo unishushe. Goti limekufa."

Ciset akaja. Alimpitishia mkono mmoja kiunoni, naye akamshika shingo, na kwa mguu mmoja wa huyu na mkono mmoja wa yule wakashuka polepole, wakiyumba, mpaka wakajikuta wameketi wote wawili kwenye theluji, kando ya gurudumu lililokuwa bado na joto. Hakuna aliyejaribu kuinuka.

"Usiku huu kutakuwa na baridi kali," Ciset akasema, akiangalia anga jeupe. "Hori litaganda tena, nene kuliko leo."

Remei alijipangusa oili usoni kwa kiganja.

"Ligande."